Robo Isiyo na Kumbukumbu

Mpe mwanafunzi wa kidato cha nne swali hili: baba ni AS, mama ni AS, kuna uwezekano gani wa kupata mtoto mwenye SS? Atachora kisanduku chenye vyumba vinne, ataandika herufi juu na ubavuni, atajaza vyumba, na kabla hujamaliza kuuliza atakuwa amejibu: robo. Anapewa alama zake, anageuza ukurasa.

Miaka kadhaa baadaye mwanafunzi huyo huyo amekaa kwenye benchi la wodi ya watoto. Mwanawe amevimba vidole vya mikono na miguu, analia kila akiguswa. Daktari anamweleza kuwa ni selimundu, ugonjwa ambao mtaani huitwa siko seli, na kwamba yeye na mwenzake kila mmoja amebeba jeni moja yake. Anatajiwa ile robo aliyoiandika kwenye mtihani. Safari hii anaisikia kwa masikio ya mzazi: "Kumbe ni mmoja kati ya wanne. Basi wetu ndiye huyu, watatu watakaofuata watakuwa wazima." Habari ikifika kwa wakwe inageuka tena: "Kwenye ukoo wetu hakuna ugonjwa huo. Umekuja na mke."

Namba moja imepata maana tatu, na mbili kati yake ni potofu. Mzazi huyu hakusahau somo, kwani hesabu anaikumbuka vizuri. Ila darasani robo hufundishwa kama jibu la mwisho, ilhali kwa mzazi ndipo maswali yanapoanzia: ni robo ya nini, imetoka kwa nani, kwa nini jeni inayoua watoto haijatoweka, na mtu aliyeijua afanye nini. Selimundu inafaa kuyachambua maswali hayo kuliko mfano mwingine wowote, kwa sababu ndani yake zinakutana mada ambazo vitabu vya biolojia hutenganisha kwa sura: damu, upumuaji, uzazi, kurithi na mabadiliko ya viumbe.

Herufi moja katika damu

Kila seli ya mwili inadai oksijeni bila kukoma, na mbebaji wake ni himoglobini, protini inayojaza seli nyekundu za damu na kuzipa rangi. Seli nyekundu yenye afya ni duara lililobonyea katikati, laini kiasi cha kujikunja ipite kwenye kapilari iliyo nyembamba kuliko yenyewe. Huishi siku 120 hivi, kisha mwili huivunja na uboho wa mifupa hutoa nyingine.

Himoglobini ya mtu mzima imeundwa kwa minyororo minne ya protini, miwili ya alfa na miwili ya beta. Maelekezo ya kuunda mnyororo wa beta yako kwenye kromosomu ya 11. Katika maelekezo hayo, kwa aliyebeba jeni ya selimundu, palipopaswa kuandikwa GAG pameandikwa GTG. Herufi moja ya DNA imebadilika, na kwa sababu hiyo amino asidi ya sita kati ya 146 za mnyororo huo imekuwa valini badala ya asidi ya glutamiki. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949, nchini Marekani, kwamba himoglobini ya wagonjwa ni tofauti na ya watu wengine. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, kule Cambridge, akaonyesha kuwa tofauti yenyewe ni ya amino asidi hiyo moja.

Badiliko hilo dogo lina matokeo makubwa. Himoglobini hii iliyobadilika, iitwayo S (ya kawaida ni A), ikiachia oksijeni hunatana, moja juu ya nyingine, hadi zinakuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoisukuma seli kutoka ndani. Duara linapinda na kuwa kama mundu wa kuvunia mpunga. Seli ya namna hiyo haijikunji. Inakwama kwenye mishipa midogo na kuziba njia, na sehemu iliyo mbele yake inakosa hewa. Hapo ndipo yanapotoka maumivu makali ya mifupa, vidole kuvimba, na kiharusi kwa mtoto ambaye hajaanza shule. Tena seli hizo haziishi siku 120. Nyingi hufa ndani ya siku 10 hadi 20, na uboho haukimbii kasi hiyo. Mtoto anapungukiwa damu na macho yanakuwa ya manjano. Bandama, kiungo kinachochuja vijidudu kutoka kwenye damu, huharibika mapema, na hapo homa ambayo kwa mwenzake ni ya siku mbili, kwake inaweza kuwa ya kifo.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wazazi. Mtoto huzaliwa akionekana mzima kabisa, kwa kuwa akiwa tumboni anatumia himoglobini nyingine, ya kichanga, isiyo na mnyororo wa beta. Himoglobini hiyo hupungua polepole, na dalili hujitokeza karibu na miezi sita. Ndiyo maana utasikia mama akisema mwanawe alikuwa mzima mpaka alipopewa uji, au mpaka alipobebwa na mtu fulani. Anachosema ni kweli kwa kadiri alivyoona. Ila ugonjwa ulikuwemo tangu siku ya mimba, ukisubiri himoglobini ya kichanga iondoke.

Robo ya nini?

Karibu kila seli ya mwili ina kromosomu 46, yaani jozi 23, katika kila jozi moja ya baba na moja ya mama. Mwili unapotengeneza yai au mbegu ya kiume, seli hujigawa kwa namna ya pekee iitwayo meiosisi: kila jozi inaachana, na yai au mbegu inabaki na kromosomu 23 tu. Ipi ya jozi itakwenda wapi ni suala la bahati. Kwa jozi 23, mtu mmoja anaweza kupanga kromosomu zake kwa njia 8,388,608, hata kabla ya kuhesabu vipande ambavyo kromosomu hubadilishana zikiwa bado pamoja. Ndugu wa tumbo moja hufanana na kutofautiana kwa sababu hiyo.

Mzazi mwenye AS, yaani jeni moja ya kawaida na moja ya selimundu, basi, hutoa A katika nusu ya mayai au mbegu zake, na S katika nusu nyingine. Ili mtoto awe SS, nusu ya baba ikutane na nusu ya mama: nusu ya nusu ni robo. Vyumba vinne vya kisanduku cha darasani havisimamii watoto wanne. Vinasimamia njia nne ambazo mimba moja inaweza kuchukua. Mimba ya pili ikija, kisanduku kinachorwa upya, bila kujua kilichotokea kwanza. Ni kama shilingi inayorushwa hewani: ikiangukia upande wa picha mara tatu, mrusho wa nne hauna deni la kulipa. Robo haina kumbukumbu.

Tazama inavyokuwa kwa familia nyingi. Chukua familia 256, kila moja ina wazazi wawili wenye AS na watoto wanne. Kwa wastani, familia 81 hazitakuwa na mtoto mgonjwa hata mmoja. Familia 108 zitakuwa na mmoja tu, kama kisanduku kinavyoelekea kuahidi. Familia 67 zitakuwa na wawili au zaidi, na moja kati ya hizo watoto wote wanne wataumwa. Ule "mmoja kati ya wanne" unatimia kamili kwa familia zisizofika nusu. Zile 81 zitaamini kwamba kwao ugonjwa haupo. Zile 67 zitaamini kwamba zimelaaniwa. Wazazi wa pande zote wana damu ile ile.

Gregor Mendel, mtawa wa Brno aliyeweka msingi wa elimu hii, aliiona robo kwa sababu alihesabu mbegu za njegere kwa maelfu. Katika jaribio moja alipata mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo, karibu kabisa na tatu kwa moja. Angepanda njegere nne tu, huenda asingegundua lolote. Familia ya binadamu ndiyo hiyo ya njegere nne.

Imetoka kwa nani?

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, na kwa tabia nyingi za kurithi msemo huo unatosha. Kijana akirefuka kama mjomba wake hakuna anayeshangaa. Selimundu inauvunja msemo: wazazi wote wawili ni wazima, babu na bibi ni wazima, mtoto ni mgonjwa. Anayetarajia urithi uonekane kwa macho atasema huu si urithi, basi atafute chanzo kingine. Kwa wengine ni mkono wa mtu, kwa wengine mwiko uliovunjwa. Mara nyingi ni mama, kwa kuwa mimba ilikuwa tumboni mwake.

Kisanduku cha darasani kinatoa hukumu tofauti. Mwenye AS ana A moja inayofanya kazi ya kutosha, hivyo S yake imejificha, na inaweza kupita vizazi vingi bila kuonekana. Haitokezi ugonjwa mpaka ikutane na S nyingine. Mwenye AS akioana na mwenye AA, hakuna mtoto atakayekuwa SS, ingawa kila mtoto ana uwezekano wa nusu kuwa mbebaji. Kwa hiyo mtoto mwenye SS ni ushahidi wa pande mbili: ukoo wa baba umeleta S moja, ukoo wa mama nyingine. Baba anayemrudisha mkewe kwao kwa sababu ya ugonjwa huu anabaki na S yake nyumbani.

Somo hilo hilo linajibu lawama nyingine ya zamani, ya mwanamke anayezaa wasichana watupu. Yai lina kromosomu X siku zote. Mbegu ya kiume ndiyo inayokuja na X au Y. Kama pana wa kuulizwa ni baba, naye hana analoweza kulichagua. Sura ya uzazi na sura ya kurithi zikisomwa pamoja, zinaondoa lawama mabegani mwa watu waliobebeshwa kwa karne nyingi. Mtihani hautoi alama kwa jambo hilo, lakini huenda ndilo jambo la maana kuliko yote kwenye silabasi.

Kwa nini haijatoweka?

Bila matibabu, watoto wengi wenye SS barani Afrika hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Jeni inayoua hivyo ilipaswa kupungua kizazi baada ya kizazi. Badala yake imekuwa ya kawaida. Uchunguzi wa kitaifa wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016, uliopima damu ya watoto wachanga karibu 100,000, ulikuta asilimia 13.3 ni wabebaji. Katika Pwani ya Kenya, kandokando ya Ziwa Victoria na sehemu nyingi za Tanzania, wabebaji ni wengi pia.

Aliyefumbua fumbo hili alilelewa Kenya. Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini, alikusanya sampuli za damu nchini Kenya mwaka 1949 akiwa bado mwanafunzi wa Oxford. Aliona kwamba makabila ya pwani na ya kandokando ya ziwa, hata yasiyo na nasaba ya karibu, yalikuwa na wabebaji wengi, na watu wa nyanda za juu walikuwa nao wachache mno. Kilichounganisha pwani na ziwa hakikuwa lugha wala ukoo. Kilikuwa mbu. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake: mwenye AS anakingwa dhidi ya malaria. Nusu karne baadaye, utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kuwa hali ya AS inapunguza malaria kali kwa karibu asilimia 90. Inaelekea kinga hiyo ina njia zaidi ya moja, na mojawapo ni kwamba seli yenye S ikivamiwa na kimelea hupinda mapema na kuondolewa kabla kimelea hakijazaana.

Hesabu yake ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, na inafaa kuandikwa ubaoni. Tuseme katika kijiji mtu mzima mmoja kati ya watano ni AS, na waliobaki ni AA. Wakioana bila kuchaguana kwa damu, kati ya watoto 1,000 watakaozaliwa, 810 watakuwa AA, 180 watakuwa AS na 10 watakuwa SS. Tuseme hakuna hospitali: wale 10 wanakufa wote. Tuseme pia malaria inaua watoto 90 kati ya wale 810, na AS wote wanapona. Watakaofikia utu uzima ni AA 720 na AS 180, jumla 900. Wabebaji 180 kati ya 900 ni mmoja kati ya watano. Tumerudi tulipoanzia.

Mfano huu umerahisishwa, lakini unaonyesha mzani wenyewe. Jeni ya S haikusahaulika wala haikutumwa. Ililipiwa kila kizazi: watoto 10 walikufa kwa ajili yake, na watoto 180 walikuwa na ngao ambayo wale 90 hawakuwa nayo. Ukiitazama kutoka kwenye kitanda kimoja cha wodi ni balaa. Ukiitazama kutoka kijiji kizima, kabla ya vyandarua na dawa, ilikuwa sehemu ya bei ya kuishi penye mbu.

Mtu afanye nini?

Wazo linalowajia wengi haraka ni kuzuia: wagonjwa wasizae, wabebaji wasioane. Rudi kwenye watoto 1,000. Wenye SS 10 wana jeni za S 20. Wenye AS 180 wana jeni za S 180. Yaani asilimia 90 ya jeni hizo wanazo watu wazima wa afya wasiojijua. Kumnyanyapaa mgonjwa, kwa hiyo, hakupunguzi lolote isipokuwa utu. Hata malaria ikiisha leo, na wenye SS wote wasiache watoto, jeni hiyo ingehitaji vizazi kama 10 kupungua kwa nusu, miaka 250 hivi. Tutaishi nayo.

Kuna hoja yenye uzito zaidi, ya kupima kabla ya ndoa. Saudi Arabia na Bahrain zilifanya kipimo hicho kuwa cha lazima mwanzoni mwa miaka ya 2000. Jeni hii ipo Ghuba pia, na katika Oman sehemu yake ilivuka bahari kutoka huku kwetu, pamoja na watu. Mafunzo ya Saudi Arabia ni mawili. Katika miaka ya mwanzo, wengi mno kati ya wachumba waliokutwa wote ni wabebaji waliendelea na harusi: kadi zilishachapishwa, mahari imeshatolewa, na moyo haurudi nyuma kwa karatasi ya maabara. Baadaye, elimu ilivyoenea, waliosita waliongezeka. Kipimo kinachokuja wiki ya harusi kimechelewa. Anayefaidika nacho ni kijana anayeijua herufi yake kabla hajapenda, na bado uamuzi ubaki wake. Hata wakioana, robo tatu ya kila mimba ni upande wa uzima, na wapo wanaochagua kuzaa wakiwa wamejiandaa.

Kujiandaa huko kunaanza na aina ya kipimo. Kile cha haraka, cha tone la damu linalonyimwa oksijeni ili seli zipinde, kinaonyesha kuwa S ipo tu; hakitofautishi AS na SS. Kinachotofautisha ni kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini kwa umeme au kwa mtambo. Wengi wanaoambiwa "una siko" kumbe ni wabebaji wazima, na wengine wanaoambiwa "ni kidogo tu" wanahitaji kliniki.

Zaidi ya yote, robo haisemi mtoto ataishi vipi. Mtoto akipimwa akiwa mchanga, akapewa penisilini kila siku hadi miaka mitano, chanjo zote, kinga ya malaria na maji ya kutosha, mambo mengi hubadilika. Kinga ya malaria ni ya lazima, kwa kuwa ngao ni ya AS: mwenye SS akipata malaria, hali yake huwa mbaya kuliko ya mwenzake. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa haidroksiurea, kidonge kinachouamsha mwili utengeneze tena himoglobini ya kichanga, kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda. Maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo vilipungua. Mwishoni mwa mwaka 2023, Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ya kuhariri jeni, ambayo nchini Marekani inauzwa zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja. Tiba hiyo ni ushindi wa sayansi. Ila kwa mtoto wa Geita au Homa Bay, penisilini na kidonge vinavyopatikana kila mwezi bila kukatika vina thamani zaidi leo.

Kurudi ubaoni

Darasani kurithi huanza na njegere za Brno, na selimundu huja mwishoni kama mfano wa ziada, pengine muda ukiwa umekwisha. Mpangilio huo ungeweza kupinduliwa. Mwalimu hahitaji maabara. Anahitaji shilingi mbili kwa kila mwanafunzi. Moja ni baba, nyingine mama. Upande wa picha ni S, upande wa pili ni A. Kila mmoja arushe zote mbili mara nne, aandike familia yake ya watoto wanne.

Katika darasa la wanafunzi 60, kama 19 watamaliza bila mtoto mgonjwa, na watajisikia kama waliofanya jambo jema. Wengine, kama 25, watapata mmoja. Wengine watapata wawili, wachache watatu. Kisha mwalimu amsimamishe yule mwenye watatu, na amuulize amekosea nini katika kurusha. Ataziangalia zile shilingi mkononi, ataangalia wenzake waliorusha kama alivyorusha yeye, na hatakuwa na jibu. Hapo ndipo somo limeeleweka.